Usafi wa Jiko la Gesi la Kuchomea Nyama

Leo nazungumza nawe mwenye hoteli hapa Isiolo mjini, nawe unayechoma nyama kando ya barabara kuu ya kwenda Marsabit na Moyale, na pia wewe uliyenunua jiko la gesi la kuchomea wageni nyumbani. Kuchoma mbuzi tunajua, na ngamia vilevile. Ambalo wengi wetu hatujalizoea ni jiko lenyewe. Lile la makaa lililokatwa kwenye pipa halina mpira wala mtungi, na uchafu wake mwingi huzolewa pamoja na majivu. Katika jiko la gesi hakuna majivu ya kuzoa. Mafuta yakidondoka, hubaki mle mle.

Basi tuanze na hayo mafuta. Mafuta ya mbuzi yakipoa huganda yakawa magumu kama mshumaa. Hujikusanya kwenye sinia iliyo chini ya moto na pembeni mwa jiko. Kesho ukiwasha, yanayeyuka, na siku moja yanashika moto. Watu huogopa mtungi, na ni haki yao, lakini sinia iliyojaa mafuta ni mojawapo ya sababu kubwa za majiko haya kuwaka. Ikitokea, zima gesi ikiwa unaweza kufikia bila kuungua, funika jiko, na ujitenge nalo. Mchanga kavu unasaidia. Maji usimwage kamwe! Yakigusa mafuta yanayowaka hugeuka mvuke papo hapo na kuyarusha mafuta hayo usoni mwako.

Sinia hiyo imwage kila siku jiko likishapoa. Mafuta yatie kwenye mkebe, yagande, kisha yatupe na takataka. Ukiyamwaga mtaroni yataziba mtaro na kuita panya.

Najua utaniuliza maji ya kuoshea yatoka wapi, na hapa kwetu mtungi wa maji una bei yake. Kwa bahati nzuri, wavu wa kuchomea hauhitaji maji mengi. Ukishaondoa nyama, na sinia ikiwa safi, acha moto mkali kwa dakika 10 hadi 15 nawe umesimama hapo hapo. Masalio yataungua yakauke. Zima, ngoja wavu upungue joto, ukwangue, kisha usugue kwa nusu ya kitunguu uliyoichoma kwa uma mrefu. Mara moja kwa wiki uoshe kwa beseni moja la maji moto na sabuni, uukaushe, uupake mafuta kidogo ya kupikia ili usishike kutu.

Brashi ya waya itumie kwa uangalifu, na ile iliyozeeka itupe. Nyuzi zake hukatika, zikanasa kwenye wavu, zikaingia kwenye nyama. Mwaka wa 2012, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa taarifa ya wagonjwa 6 katika jimbo la Rhode Island waliomeza nyuzi hizo. Wengine zilidunga ndani ya shingo, wengine zikatoboa utumbo. Waya wa kusugulia sufuria nao humeguka. Ukimaliza kusugua, pangusa wavu kwa kitambaa kibichi na uutazame kwenye mwanga.

Wachomaji wengi husema moto huua kila kitu. Ni kweli kwa wavu. Si kweli kwa sinia iliyobeba nyama mbichi kisha ikapokea iliyoiva, wala kwa kile kitambaa kimoja kinachopangusa meza, kisu na mikono tangu asubuhi.

Sasa tazama bana, yaani paipu yenye matundu ambayo moto hutokea. Moto mzuri ni wa buluu. Ukiwa wa manjano na unaacha masizi, matundu yameziba kwa mafuta au kwa vumbi letu hili, au buibui amejenga ndani ya paipu jiko likiwa limekaa bila kazi. Gesi ikizuiwa huweza kurudi nyuma na kuwaka karibu na vifungulio, pale mkono wako ulipo. Funga mtungi, ngoja jiko lipoe, toa bana na uzibue kila tundu kwa waya mwembamba. Moto wa manjano hutoa pia hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo huleta kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na huua. Kwa hiyo, hata upepo uvume vipi jioni, usiingize jiko chumbani ukafunga mlango.

Upepo huo una hatari nyingine: huzima moto huku gesi ikiendelea kutoka. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutulia chini na kungoja cheche. Moto ukizimika, funga gesi, acha jiko wazi dakika 5, ndipo uwashe tena. Na kila unapowasha, kifuniko kiwe wazi.

Ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye mpira na pale unapoungana na mtungi. Mapovu yakifura, gesi inavuja. Usijaribu kwa kiberiti. Mpira uliopasuka haufungwi kwa kamba ya tyubu, hununuliwa mwingine. Mtungi usimame wima, kivulini, mbali na moto.

Mtu akiungua, mwagilia mahali hapo maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Mtungi mmoja wa lita 20 uwekwe kando ya jiko kwa kazi hiyo tu. Mimina kwa kikombe polepole. Vua pete na saa kabla ya kuvimba. Usipake dawa ya meno wala samli. Funika kwa kitambaa safi, na kama jeraha limezidi kiganja cha aliyeungua, au liko usoni, mikononi au kwenye kiungo, mpeleke hospitali ya rufaa ya kaunti siku hiyo hiyo. Mtoto mpeleke hata kama laonekana dogo.