Sarufi Inayokataa: Kupima Nguvu za Sarufi Rasmi



Tukiwa na sarufi mbili, tutajuaje ipi ina nguvu zaidi? Noam Chomsky, katika makala zake za 1956 na 1959, alijibu kihisabati: tazama seti za tungo ambazo kila aina ya sarufi huweza kuzalisha. Aina ya pili ikizalisha yote ya aina ya kwanza na kuzidi, imeishinda. Kwa kipimo hicho zilipatikana ngazi nne.

Ngazi ya chini ni ya sarufi zenye kumbukumbu yenye kikomo. Tusizidharau. Katika kitenzi *hatuwasomeshi*, kiambishi *ha-* cha mwanzo, katika wakati uliopo, hudai *-i* ya mwisho, hata katikati pakijaa viambishi vingine. Deni ni moja, nalo hukumbukwa. Ndiyo maana Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliweza kuunda SWATWOL, kichanganuzi cha maneno ya Kiswahili, kwa mbinu za ngazi hii.

Madeni yakirundikana, ngazi hiyo hushindwa. *Kama* hungoja *basi* yake. Ndani ya sharti hilo huweza kuingia sharti jingine, na jingine tena, wala hakuna kanuni inayoweka ukomo. Lililofunguliwa mwisho hufungwa kwanza. Hapo zinahitajika sarufi huru-muktadha, ambazo hupanua kiambajengo bila kujali majirani zake.

Je, lugha za binadamu huishia hapo? Mwaka 1982 Geoffrey Pullum na Gerald Gazdar walionyesha kwamba hoja zilizokwisha kutolewa kukanusha hilo zilikuwa na kasoro. Mwaka 1985 ushahidi ulipatikana: Stuart Shieber aliuona katika Kijerumani cha Uswisi, Christopher Culy katika Kibambara cha Mali. Kwa Kibambara, *wulu o wulu* ni mbwa yeyote. Nomino hiyo huweza kurefushwa iwe mtafuta mbwa, kisha mtazama watafuta mbwa, na kuendelea. Hata hivyo lazima irudiwe nzima, kwa mpangilio uleule. Safari hii lililofunguliwa kwanza ndilo hufungwa kwanza, na sarufi huru-muktadha haiwezi.

Basi tupande hadi kilele cha ngazi hizo nne? Stanley Peters na Robert Ritchie walithibitisha mwaka 1973 kwamba sarufi geuzi za wakati ule, zilizobadilisha muundo mmoja kuwa mwingine, zingeweza kuzalisha seti yoyote ambayo mashine ya Turing, yaani kielelezo cha kihisabati cha kompyuta, huweza kuiorodhesha. Hiyo haikuwa sifa. Nadharia inayoruhusu kila kitu haielezi kwa nini lugha za watu zina umbo hili na si lile. Tena kwenye kilele hicho hakuna utaratibu wa jumla wa kuamua kama tungo fulani imo au haimo.

Aravind Joshi alichagua hatua ndogo: sarufi za kuunganisha miti, zinazopita huru-muktadha kidogo tu. Mwaka 1994 K. Vijay-Shanker na David Weir walithibitisha kwamba sarufi hizo na aina nyingine tatu, zilizobuniwa kwa malengo tofauti, huzalisha tungo zilezile. Hata hivyo miundo zinayozipa tungo hizo hutofautiana, kwa hiyo kulingana kwa tungo hakumalizi ulinganishi.

Rai yangu kwenu wanafunzi ni hii: mtu akiwaletea sarufi mpya na kuisifia nguvu zake, mwulizeni kwanza inakataa nini.