Buriani ya Mzee Ojwang'

Mwigizaji Mkenya Benson Wanjau, Mzee Ojwang' wa vipindi vya runinga Vitimbi na Vioja Mahakamani, alifariki dunia Julai 12, 2015 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, akiwa na umri wa miaka 78. Alikuwa Mkikuyu, lakini kwenye runinga alikisema Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo, miwani mikubwa puani, akizozana na Mama Kayai. Huyo ni Mary Khavere, mkewe wa mchezoni tu, ingawa watazamaji wengi waliapa kuwa ni mume na mke kweli.

Katika mtaa kama Bulla Pesa, mjini Isiolo, Mborana, Msomali, Mturkana na Mmeru hukutana katika Kiswahili, kila mmoja na lafudhi yake. Ndiyo maana mzaha wa lafudhi kama wa Ojwang' hauhitaji mkalimani hapo. Aliyechekwa lafudhi sokoni asubuhi alicheka jioni mbele ya runinga. Kizazi kilichokua na kituo kimoja tu cha runinga kilimlilia Ojwang' kama babu wa nyumbani.

Kilio hicho kilikuwa na uchungu wa pili. Macho yake yalipofifia, matibabu yalitegemea michango ya wananchi. Umaarufu wa miaka mingi haukumwachia akiba ya kutosha.