Neno la Katibu kwa Wanatawi, Marekani: Fomu 1099-K

Ndugu wanachama,

Tumeulizwa sana kuhusu Fomu 1099-K. Sheria ya 2021 ilishusha kiwango hadi dola 600. Sheria ya 2025 imerudisha cha zamani: mauzo yazidi dola 20,000 na miamala izidi 200. Baadhi ya majimbo yana viwango vya chini zaidi.

Fomu siyo kodi. Ukiuza sofa lako kwa hasara, hudaiwi kodi; ukiletewa fomu, eleza kwenye ritani. Ukiuza vitenge kwa faida, tangaza hata fomu isipokuja.

Mchango wa msiba siyo mauzo. Tusiutume kama malipo ya bidhaa, tukamwachia mfiwa maswali ya kodi.

Tutunze risiti.

Katibu wa Tawi