Kujichoresha: Ukuta, Kamera na Daftari katika Kuufufua Ubunifu wa Mtu



Katika Kiswahili cha mitaani nchini Tanzania limo neno kujichoresha. Mtu anayeshika kipaza sauti arusini na kuimba wimbo asioujua huambiwa na wenzake, "Unajichoresha bure." Maana yake ni kujiaibisha hadharani. Kimofolojia neno hili halina siri: lina kiambishi rejeshi -ji-, mzizi -chor-, na kiambishi cha kusababisha -esh-. Anayejichoresha ni yule anayewafanya wengine wamchore. Hakushika kalamu yeye. Kalamu imo machoni mwa watazamaji.

Neno hilo laweza kudharauliwa kuwa ni la vijana na la kupita. Lakini linaeleza kwa usahihi usio wa kawaida kile kinachomzuia mtu mzima kurejea katika kuchora. Mwulize mtumishi, mkulima au mfanyabiashara wa miaka arobaini achore jogoo. Aghalabu atajibu kwamba hajui kuchora, ingawa alipokuwa mtoto alichora majogoo mchangani bila kuombwa na mtu. Mkono haukusahau kitu. Kilichoongezeka ni macho ya watu.

Shule nayo ina sehemu yake. Chini ya mtaala wa elimu ya msingi uliotolewa mwaka 2005, kuchora kuliwekwa ndani ya somo la Stadi za Kazi, somo ambalo halikuwa na karatasi yake katika mtihani wa taifa wa darasa la saba. Na kisichotahiniwa hupewa saa ya mwisho ya Ijumaa, tena mvua isiponyesha. Mwalimu alichora ramani au ua ubaoni, mwanafunzi akanakili. Mtaala mpya wa mwaka 2023 umeleta somo la Sanaa na Michezo. Hilo ni jambo jema, ila haliwagusi waliokwisha kutoka shuleni wakiwa na hakika kwamba ubunifu ni mali ya watu wengine. Mhadhara huu unawahusu hao.

Yafaa kwanza kulitazama neno lenyewe. Katika matumizi ya zamani kuchora kulikuwa ni kukata mistari juu ya kitu kigumu: mbao, mlango, kibuyu. Kuandika nako kulikuwa ni kupanga vitu mahali pake, na hata leo Mswahili huandika meza kabla ya chakula. Karatasi ilipoenea, vitenzi hivyo viwili vilihamia humo pamoja na tabia zake. Kuandika kulibaki na sifa ya utaratibu; kuchora kulibaki na sifa ya alama isiyofutika upesi. Ndiyo sababu kitenzi kimoja kinamtosha fundi wa mlango wa Lamu, mpima viwanja mwenye mchoro wake, na kijana aliyejichora begani. Lugha haikumtenga msanii na watu wengine. Utengano huo umekuja baadaye, na haukuja kwa njia ya sarufi.

Mkoa wa Kagera ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili. Kwenye miamba ya Bwanjai, katika eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Missenyi, imo michoro ya kale ya rangi nyekundu. Aliyeipaka hakuwa na jumba la maonyesho. Alikuwa na ukuta. Kagondo, jina ambalo ni la kata moja katika Manispaa ya Bukoba na la mahali pengine katika Wilaya ya Muleba (na mgeni asiyeuliza ni Kagondo ipi hufika asikokusudia), haina umaarufu wa sanaa. Inazo kuta kama mji wowote mdogo wa Tanzania ulivyo nazo: kinyozi aliyechorewa vichwa vitatu vyenye mitindo mitatu ya nywele, fundi cherehani, wakala wa fedha za simu, onyo la kutokojoa, jina la duka lililotolewa katika maandiko matakatifu.

Kuta za Tanzania zina fasihi yake nzito pia. Nyumba hii haiuzwi. Maneno matatu, yaliyopakwa kwa brashi nene, na msomaji anafahamu mara moja kwamba ndani yake umo mgogoro wa urithi, au dalali mwongo, au mjane anayejihami. Kitenzi kimo katika hali ya kutendwa na tena kimekanushwa. Mtenda hakutajwa kwa kuwa kila jirani anamjua. Kuna pia alama ya X inayopakwa kwenye nyumba zilizo kando ya barabara kuu. Baada ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 kuipanua hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, wananchi walijifunza kusoma rangi: X nyekundu kwa nyumba iliyoingia katika hifadhi ya awali, isiyo na fidia, na X ya kijani kwa iliyokutwa katika zile mita saba na nusu zilizoongezwa. Herufi moja, rangi mbili, na hatima ya familia imebadilika. Mwanafunzi wa semantiki anayetafuta mfano wa jinsi umbo linavyobeba maana asihangaike na vitabu vya ng'ambo.

Miongoni mwa vijana wa mijini, ukuta umekuwa uwanja wa makusudi. Kundi la Wachata la Dar es Salaam, lililojitokeza katika muongo wa kwanza wa karne hii, lilijipa jina kutokana na chata, yaani nembo au alama ya bidhaa, likaligeuza kuwa jina la watu kwa kiambishi wa- cha ngeli ya kwanza. Hapo kundi limejieleza kisarufi: hao si wauzaji wa bidhaa yenye chata, ni watu ambao chata ndiyo kazi yao. Nchini Kenya, mpiga picha za habari Boniface Mwangi alipiga picha nyingi za machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambamo zaidi ya watu 1,000 walipoteza maisha. Mwaka 2009 alizipeleka picha hizo barabarani katika maonyesho yaliyoitwa Picha Mtaani, na mwaka 2012 yeye na wachoraji wa mitaani walipaka katikati ya Nairobi mchoro mkubwa wa mwanasiasa mwenye kichwa cha tai mla mizoga. Mwendo huo wastahili kuzingatiwa. Kamera ilianza, mtaa ukafuata, kisha brashi.

Kwa mtu wa kawaida mwendo huohuo unawezekana kwa kiwango kidogo. Na achukuliwe mwalimu wa kudhania tu, mkazi wa Kagondo ya Muleba, mwenye simu yenye kamera na kaunta buku. Kila siku anapiga picha moja ya ukuta au bango. Jioni anaichora kwa penseli, kwa dakika kumi na tano, bila rula na bila ufutio. Hamwonyeshi mtu. Huo ndio utaratibu wote.

Kiswahili husema kupiga picha, na kitenzi piga, kama katika kupiga simu, kupiga pasi au kupiga kura, hubeba tendo linalofanyika kwa chombo. Kupiga picha humalizika upesi kuliko kuangalia. Mwalimu atapiga picha ya kibao cha kinyozi asione kitu zaidi ya kibao cha kinyozi. Akianza kukichora ndipo maswali yatakapomjia. Mbona masikio ya vichwa vyote vitatu yako upande mmoja? Mbona herufi za mwisho zimebanana? Ni kwa sababu mchoraji alianza kwa ukarimu upande wa kushoto, mbao ikamwishia. Mwalimu atatambua kwamba mwenzake huyo hakupima kwanza, na kwamba hakuona haya. Kibao kimetundikwa hivyohivyo, na wateja wanaingia.

Hapo ndipo manufaa ya kuta yalipo kwa mtu anayerejea kuchora. Picha ya jumba la makumbusho humwambia kwamba hawezi. Ukuta wa mtaani humwonyesha mtu asiye na cheti aliyeamua kuendelea. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kupaka picha jijini Dar es Salaam mwaka 1968, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na zaidi, kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za dari. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Miaka minne tu ilitosha kuanzisha mtindo unaobeba jina lake hadi leo. Hakusubiri kibali cha mtaalamu yeyote, na pengine wataalamu wangemshauri asianze.

Kuhusu kuchora kila siku, ushahidi bora umo magazetini. Christian Gregory, mchoraji wa Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na Masoud Kipanya baada yake, walijenga wahusika wao kwa kulazimika kutoa kitu kabla gazeti halijachapwa. Msukumo wa moyo ukija, vema. Usipokuja, nafasi ya katuni ingali tupu na mhariri anaingoja. Ni kosa kudhani kwamba ratiba huua ubunifu. Kwa wengi ratiba ndiyo inayoulinda dhidi ya ile haya iliyotajwa hapo awali, kwa sababu mchoro mbaya wa Jumanne hufunikwa na ukurasa wa Jumatano.

Kwa wanafunzi wa isimu walio hapa, daftari la namna hiyo lina thamani nyingine. Kuta hupotea. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 liliua watu zaidi ya kumi na watano mkoani Kagera na kubomoa nyumba nyingi, na kila ukuta ulioanguka ulianguka na maandishi yake. Mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine nayo yanaendelea kuufuta mwandiko wa brashi, polepole, bila kishindo. Anayenukuu ukuta asisahihishe tahajia. Lugha ya wenyeji huandikwa Luhaya na pia Ruhaya. Palipo na l mahali pa r, au r mahali pa l, pana habari kuhusu sauti za mwandishi, na anayesahihisha anaifuta habari hiyo kwa nia njema. Aandike chini ya mchoro tarehe, kijiji, aina ya rangi na kilichokuwa kando ya maandishi. Na kabla ya kupiga picha apige hodi, hasa pale ukuta unaposema kwamba nyumba haiuzwi. Mwenye nyumba akikataa, kamera ifungwe. Akikubali, huenda akaleta kigoda na kueleza ni nani aliyetaka kuiuza.