Maskani ya Wafanyakazi na Neema ya Soko la Tabora

Nina neno moja tu la kusema jioni hii, nalo ni kwamba mwenye duka anayedhani kuwa habari ya nyumba za kupanga ni ya wapangaji na wenye nyumba peke yao, wala haimhusu yeye asimamaye nyuma ya mizani, ameghafilika na sababu mojawapo kubwa ya kuongezeka au kupungua kwa mauzo yake.

Tuanze na historia. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipowasili Kazeh, ndiyo Tabora hii, mwezi wa Novemba mwaka 1857, waliwakuta matajiri wa Kiarabu wakikaa katika matembe mapana yenye kuta nene za udongo, baraza za mazungumzo, ghala za bidhaa na bustani za mboga, na mmoja wao, Snay bin Amir, akawakirimu na kuwatengenezea mambo yao. Jambo la kuzingatia ni hili: misafara ya pwani, kwa desturi, haikuivuka nchi yetu hii ya Unyanyembe na watu wale wale, kwani wapagazi walilipwa haki yao hapa, wakatawanyika, na tajiri aliyekusudia kuendelea mpaka Ujiji au Karagwe akalazimika kungoja hata akusanye wengine, na kungoja huko aghalabu kulichukua majuma mengi. Anayengoja hula, huvaa, huuguza maradhi yake, hushona viatu vyake. Mtama na mpunga wa mkulima wa Kinyamwezi, mbuzi, samli, asali na jembe la mhunzi vilipata wanunuzi si kwa kuwa misafara ilipita tu, maana ilipita vile vile katika vijiji vingi vya Ugogo ambavyo havikupata kuwa miji, bali kwa kuwa hapa ilipata pa kulala. Sikatai kwamba maji na makutano ya njia yalikuwa na sehemu yake. Wala sisahau kwamba katika misafara hiyo walikuwamo wanadamu waliofungwa minyororo, na dhuluma ile hatuna haki ya kuifunika kwa sifa za tijara. Lakini hukumu yangu ni kwamba malazi ndiyo yaliyoifanya njia kuwa mji.

Livingstone mwenyewe, yule mmisionari msafiri, baada ya kuagana na Stanley, mwandishi aliyekuja kumtafuta, mwezi wa Machi 1872, alikaa katika tembe la Kwihara, karibu na mji huu, mpaka Agosti, akiwangojea watu waliotumwa kwake kutoka pwani. Wengi huzuru tembe lile kwa ajili ya jina la mgeni. Mimi huliangalia kama nyumba iliyoweza kuuhifadhi msafara kwa miezi mitano, na msafara uliohifadhiwa ni mnunuzi.

Kisha ikaja reli. Ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914, na tawi la kwenda Mwanza likatimia mwaka 1928. Mpagazi akaondoka, wakaja fundi wa karakana, dereva wa gari moshi na karani wa stesheni, watu wa mshahara wa mwezi. Baadhi yao walipewa kota. Waliobaki walikaa katika nyumba za Kiswahili, zile zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani pana jiko na choo, ambamo mwenye nyumba huishi na aila yake katika vyumba viwili na kupangisha vilivyobaki. Naistahi sana nyumba hii. Mseja huchukua chumba kimoja, mwenye mke na watoto huchukua viwili, mjane mwenye nyumba hupata riziki bila kuomba, na muuza mkaa, mama lishe na fundi cherehani huwakuta wateja kumi chini ya paa moja.

Hali ya leo yanitia huzuni. Muuguzi aliyepangiwa kazi katika Hospitali ya Kitete, au mwalimu aliyehamishiwa huku, akitafuta chumba huambiwa alipe kodi ya miezi sita mbele, pengine ya mwaka mzima, kabla hajapokea mshahara wake wa kwanza. Hukopa. Na miezi ile yote anayolipa deni, hanunui kitanda kwa seremala wa mtaani, hashoni nguo, hula mlo mmoja ambapo angekula miwili. Fedha ambayo ingezunguka sokoni mara nyingi imekwisha kukabidhiwa mtu mmoja kwa siku moja. Mwajiri naye asidhani amesalimika, kwa maana mfanyakazi anayekaa mbali huchelewa, na yule aliye hodari, akikosa makao yanayomfaa, huomba uhamisho.

Tangu Benki ya Nyumba ilipofungwa mwaka 1995, watu wengi wa kipato cha wastani hujenga kwa akiba yao wenyewe, tofali baada ya tofali, na msingi huota majani kwa miaka. Wakati huohuo reli mpya ya kisasa inajengwa kuja Tabora na kupita kwenda Isaka na Kigoma. Wafanyakazi wake wakikaa kambini wakilishwa humo humo, mji utaona tingatinga na vumbi lake tu. Wakipata vyumba mjini, mishahara yao itapita katika mitaa yetu ya Kanyenye, Gongoni na Isevya kabla ya kwenda kokote.

Nasikia hofu ya wenye nyumba, ambao wengi wao ni wafanyabiashara pia, kwamba vyumba vikizidi kodi itashuka. Huenda ikashuka. Lakini chumba chenye mpangaji mwaka mzima kwa kodi nafuu kina faida kuliko chumba kinachokaa kitupu kikimsubiri mwenye uwezo, na mwenye duka na nyumba pamoja atakipata dukani alichokipunguza nyumbani.

Basi nawaomba, wafanyabiashara wa Tabora: tengeni sehemu ya faida zenu mjenge vyumba vya kupangisha, vya mseja na vya wenye familia, na pokeeni kodi mwezi kwa mwezi. Nanyi wakuu wa Halmashauri, pimeni viwanja vidogo karibu na mji, mviuze kwa bei ambayo fundi na mwalimu wataimudu.