Kompyuta au Kinasa Picha cha Kujitegemea? Mazungumzo na Wenye Maduka Kuhusu Kamera za Ulinzi



Tulipoombwa kuzungumza juu ya kamera za ulinzi, tuliona tusijishughulishe sana na kamera zenyewe, kwa kuwa juu ya hizo kila mwuzaji ana maneno ya kutosha. Tutazungumzia kile kisanduku kinachofichwa chini ya kaunta au juu ya kabati, ambamo picha huingia na kuhifadhiwa. Humo ndimo mnunuzi hupatia hasara bila kujua.

Mwenye duka mmoja wa vifaa vya ujenzi alifika ofisini kwetu kumlalamikia fundi wake. Alikuwa na kamera 8, zote zimeunganishwa na kompyuta ileile aliyoitumia kuandikia mauzo. Alipohesabu mali mwisho wa mwezi, alikuta mizunguko ya nyaya za umeme imepungua. Akafungua kompyuta atazame picha, akakuta siku 9 nzima hazimo. Tulipofuatilia, tuliona kwamba kompyuta haikuwa mbovu. Asubuhi moja kijana wa mauzo aliizima na kuiwasha tena kwa sababu ilikuwa nzito, na programu ya kurekodi haikuwa imepangwa ijianzishe yenyewe. Hakuna taa iliyowaka wala king'ora kilicholia. Siku 9 kamera zilitazama, wala hazikuandika chochote. Kufikia hapo msaidizi mmoja alikwisha kufukuzwa kwa kushukiwa, na hapakuwa na picha ya kumtia hatiani wala ya kumsafisha.

Fundi alikuwa na kosa lake, nasi tulimweleza. Lakini mlalamikaji alikuwa amefanya uchaguzi siku ya kununua bila kuambiwa kwamba anachagua. Aliambiwa tu kwamba, kwa kuwa anayo kompyuta tayari, ataokoa bei ya mashine nyingine.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuifanya kompyuta iwe kinasa picha, kwa kuwekewa programu maalumu na, kama kamera ni zile za waya wa mviringo, kadi ya kupokelea picha. Ya pili ni kununua kinasa picha kinachojitegemea, ambacho mafundi hukiita DVR kikiwa cha kamera za waya huo, au NVR kikiwa cha kamera za mtandao. Hicho nacho kwa ndani ni kompyuta ndogo, ila imefungwa kazi moja tu: umeme ukirudi huamka chenyewe na kuanza kurekodi bila kumngoja mtu.

Tusiidharau kompyuta. Mwenye ghala kubwa lenye kamera za watengenezaji mbalimbali huweza kuziweka zote chini ya programu moja. Diski huongezwa kwa wingi kadiri sanduku linavyoruhusu, kifaa kilichoungua hupatikana katika duka lolote la kompyuta, na kutafuta tukio katika kioo kikubwa kwa kipanya ni kazi nyepesi. Lakini fadhila hizo zote zina sharti moja: kompyuta hiyo isifanye kazi nyingine yoyote, na awepo mtu anayeitunza. Siku inapoanza kuandikia ankara, kufungulia barua pepe na kuchomekwa flashi ya kila mgeni, imekwisha kuwa mlinzi anayetumwa sokoni. Masasisho huizima na kuiwasha usiku. Virusi huingia. Na mfumo wake nao huzeeka: tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft imesitisha huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa Windows 10, na bado tunaona kompyuta za mfumo huo zikiuzwa kwa kazi hii kana kwamba ni mpya.

Hesabu ya umeme husahaulika siku ya kununua. Kompyuta ya mezani inayotumia wati 100 usiku na mchana hula uniti 2.4 kwa siku, yaani 72 kwa siku 30. Kinasa picha kidogo kinachotumia wati 20 hula uniti 14.4 kwa muda huohuo. Wanaonunua LUKU wataona wenyewe, baada ya miezi kadhaa, ule uokoaji wa bei ulikokwenda. Tena umeme unapokatika, betri ndogo ya UPS huibeba kompyuta kwa dakika chache tu, ilhali kinasa picha hukibeba kwa muda mrefu zaidi. Hapa tuongeze jambo ambalo mafundi wengi hulipitia juu juu: kamera nazo zinahitaji umeme. Kinasa picha kilicho hai huku kamera zake zimezimika hurekodi giza.

Kwa hiyo, kwa duka lenye kamera 4 au 8 na mwenyewe ambaye hana fundi wa kompyuta wa kudumu, ushauri wetu ni kinasa picha kinachojitegemea. Tunalisema hili bila kusita. Lakini tunakataa kulisema kama wauzaji wanavyolisema, kwa maana kisanduku hicho nacho kina mitego yake.

Mtego mkubwa ni ahadi ya siku. Mtaambiwa, "Hii inatunza mwezi mzima." Tufanye hesabu pamoja. Kamera moja inayotuma megabiti 4 kwa sekunde, kiwango cha kawaida kwa picha angavu, hujaza takriban gigabaiti 43 kwa siku ikirekodi mfululizo. Kamera 8 hujaza takriban 346. Diski ya terabaiti 2 itajaa kabla ya siku ya 6 kwisha, kisha mashine itaanza kufuta picha za zamani ili ipate nafasi ya mpya. Mbinu mpya ya kubana picha, iitwayo H.265, huweza kupunguza mzigo huo kwa karibu nusu, na kurekodi panapotokea mwendo tu hupunguza zaidi, japo duka lenye pilikapilika lina mwendo kutwa. Mwenye kuhesabu mali kila mwisho wa mwezi anahitaji siku zaidi ya 30. Asinunue diski ya siku 6 na kujipa moyo. Sheria hiyo ya hesabu haibagui: inaibana kompyuta sawasawa na kinasa picha.

Na diski yenyewe iwe ya ulinzi, iliyotengenezwa kuandikwa saa 24. Diski ya kawaida ya kompyuta iliyotolewa katika mashine kuukuu hufanya kazi vizuri siku ya kukabidhiwa, na hapo ndipo fundi huondoka na fedha yake.

Mtego mwingine ni ufunguo. Fundi huweka nywila yake, au huiacha ile ya kiwandani, kisha huondoka nayo. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na vinasa picha kwa wingi katika nchi nyingi, kwa kujaribu tu majina na nywila za kiwandani. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Wenye vifaa hawakujua kwamba visanduku vyao vilikuwa vitani. Badilini nywila mbele ya fundi, mwiandike katika daftari lenu, na kama hamna haja ya kutazama duka mkiwa mbali, msiunganishe kinasa picha na intaneti.

Saa nayo ina uzito wake. Ndani ya kinasa picha, kama ndani ya kompyuta, mna betri ndogo ya duara inayoilinda saa umeme unapokosekana. Betri hiyo ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na picha ya mwizi hubeba siku ambayo duka lenu halikuwapo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, katika kifungu cha 18, inaitaka mahakama, inapoupima ushahidi wa aina hii, iangalie jinsi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na ulivyolindwa usiharibiwe. Wakili wa upande wa pili hatakosa la kuuliza juu ya tarehe hiyo. Itazameni saa kila Jumatatu mnapofungua duka. Na kwa kuwa sura za wateja na wafanyakazi ni taarifa zao binafsi, zinazolindwa na sheria ya mwaka 2022, wekeni tangazo mlangoni kwamba kamera zinarekodi, wala msizisambaze picha katika makundi ya simu, hata za mtu mnayemshuku.

Wakati wa kulipa, daini risiti inayotaja aina ya kinasa picha, ukubwa wa diski na muda wa dhamana. Risiti iliyoandikwa "vifaa vya kamera" peke yake hutufunga mikono mnapotujia na malalamiko.

Kisha, kabla ya kulipa fungu la mwisho, mwombeni fundi azime umeme wa duka zima kwenye swichi kuu, angoje UPS iishiwe, kisha awashe tena bila kugusa kitu kingine. Mngoje dakika 10. Halafu mmoja wenu, si fundi, atafute picha za saa moja kabla ya umeme kuzimwa na za dakika 5 baada ya kurudi, azinakili kwenye flashi, na azifungue katika kompyuta nyingine isiyo ya fundi. Mafaili ya vinasa picha vingine hayafunguki bila programu ya mtengenezaji, na ni heri mlijue hilo siku hiyo kuliko siku mtakayokuwa mmesimama kituo cha polisi. Mwenye duka wa vifaa vya ujenzi alilifanya jaribio hili aliponunua mara ya pili. Alirudia mara 3 kabla ya kufaulu, na fundi alinung'unika sana.

Sasa tuko tayari kupokea maswali yenu.