Mguu Dhaifu Nao Umo Mbioni



Katika somo la pili la Dominika hii ya 21 ya Mwaka C, Waraka kwa Waebrania watuagiza kuwatia nguvu waliolegea, na kusawazisha njia ili aliye kiwete apate kupona. Agizo hilo na tulitazame katika kazi ya mkufunzi mmoja wa farasi wa mashindano.

Beryl Markham alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akalelewa Njoro, nchini Kenya, katika shamba la baba yake. Akawa mwanamke wa kwanza nchini humo kupewa leseni ya kufundisha farasi wa mashindano. Katika kitabu chake cha mwaka 1942 asimulia kwamba, majuma machache kabla ya mashindano makubwa ya Nairobi, farasi aliyekuwa tegemeo lake alichukuliwa na mwenyewe, akapewa mkufunzi mwingine. Akabakiwa na Wise Child, farasi jike mwenye mbio lakini mwenye kano dhaifu za miguu. Hakumtupa, wala hakumlazimisha. Yeye na Arap Ruta, rafiki yake tangu utotoni, walimkanda miguu siku kwa siku, wakampimia mazoezi kwa kadiri ya miguu ile. Siku ya mashindano, Wise Child alishinda.

Sisi wa Kigamboni, mbio tuzijuazo ni zile za kuwahi pantoni. Lango lifunguliwapo, wenye miguu mizima hutangulia. Mzee mwenye mkongojo huachwa nyuma. Je, katika jumuiya zetu ndogondogo si ndivyo? Mtoto mzito wa kushika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza akikosea mara tatu, twasema, "Huyu hafai." Ninyi makatekista mwajua kwamba kumkemea ni rahisi, na kumfukuza ni rahisi zaidi. Kazi ni kukaa naye.

Marudi yanenwayo na somo letu ni ya baba kwa mwana: hupima nguvu, hayavunji. Mkufunzi aukimbizaye mguu mgonjwa huupoteza. Auachaye bila zoezi huupoteza vilevile.

Basi juma hili, kila mmoja wetu amtafute mtu aliyeachwa nyuma, aende naye kwa mwendo wake. Mungu atubariki sote. Amina.